"Hii Mpya Kali Zaidi, Kaka": Kwa Nini Toleo Jipya la Pafyumu ya Wanaume Hukatisha Tamaa

Kwenye maduka ya pafyumu ya Ngamiani, Tanga, mteja akiuliza tofauti ya chupa anayoijua na ile mpya iliyowekwa pembeni yake, jibu huwa moja: "Hii mpya kali zaidi, kaka." Chupa ni ile ile, kioo kimezidi weusi kidogo, na jina limeongezewa mkia: Intense, Elixir, Sport, Le Parfum. Mteja anafungua kifuniko, ananusa kifuniko, anatikisa kichwa kukubali, analipa. Wiki haijaisha anarudi na moja kati ya malalamiko matatu. Haikai hata saa mbili. Au imekuwa tamu kama sharubati. Au nyumbani wanasema inaumiza kichwa, ilhali yeye mwenyewe haisikii.

Ni malalamiko tofauti, lakini yote yametoka kwenye neno "kali".

Neno hilo tumelipa kazi nyingi mno. Kwenye pafyumu linaweza kuwa na maana ya wingi wa mafuta ya harufu yaliyomo kwenye chupa. Linaweza kuwa umbali ambao harufu inafika, yaani kama mtu wa meza ya tatu ataisikia. Linaweza kuwa muda inaodumu mwilini. Na mara nyingine, kama tunavyosema ngoma kali, ni sifa tu. Muuzaji anaweza kuwa mkweli kwa maana moja na mteja akaondoka na maana nyingine, na mambo haya hayaendi pamoja hata kidogo.

Tuanze na wingi wa mafuta, kwa kuwa ndiyo maandishi yanayosomeka kwenye boksi. Pafyumu ya kupuliza ni mafuta ya harufu yaliyoyeyushwa kwenye alkoholi yenye maji kidogo. Kwa desturi, Eau de Cologne huwa na mafuta asilimia 2 hadi 5, Eau de Toilette 5 hadi 15, Eau de Parfum 15 hadi 20, na Parfum 20 hadi 30. Hiyo ni desturi, si sheria. Kampuni moja inaweza kuita Eau de Parfum kitu ambacho nyingine ingekiita Eau de Toilette, na hakuna atakayeishtaki. Hata tukiamini boksi, chupa ya mililita 100 yenye asilimia 10 ina mililita 10 za mafuta, na yenye asilimia 20 ina mililita 20. Boksi halisemi ni mafuta gani. Kumbe hapo ndipo penye uzito wote. Ndimu, chungwa na bergamoti (tunda la jamii ya chungwa na ndimu linalolimwa zaidi Calabria, Italia) zina molekuli nyepesi zinazoruka ndani ya dakika 10 hadi 30. Lavanda, iliki na vinukio vya namna hiyo huenda saa mbili, tatu, nne. Sandali, vanila, miski na ambari hubaki hadi jioni, na kwenye nguo hukutwa kesho yake. Ongeza ndimu mara mbili, bado itaruka kabla hujafika Chumbageni. Tone la sandali litalala nawe.

Kuna jambo jingine linalowashangaza wengi: pafyumu yenye mafuta mengi mara nyingi haifiki mbali. Alkoholi ndiyo inayoinua harufu ikitoka kwenye ngozi, na ile sehemu nyepesi ya juu ndiyo inayompiga mtu wa mbali. Fomula ikisheheni vitu vizito, harufu hulala karibu na mwili, ikaonekana dhaifu chumbani lakini ikadumu kutwa. Aliyenunua Parfum ili asikike kwenye harusi nzima amechukua chombo kisicho cha kazi hiyo. Eau de Toilette ya jina lile lile ingemfaa zaidi, tena kwa bei ndogo.

Lakini mkanganyiko mkubwa uko kwingine. Watu wengi hudhani toleo jipya ni harufu ile ile iliyopunguzwa maji, kama juisi nzito na juisi nyepesi. Sivyo. Karibu kila mara ni fomula nyingine iliyoandikwa upya, ikarithi jina na chupa. Chukua Sauvage ya Dior, ambayo nakala zake zimejaa kila duka la pwani. Ya kwanza, Eau de Toilette ya 2015 iliyotungwa na François Demachy, imesimama juu ya bergamoti, pilipili na ambroksani, kemikali inayofanya kazi ya ambari. Mwaka 2018 ikaja Eau de Parfum yenye vanila. Mwaka 2019 Parfum, sandali ikaingia. Mwaka 2021 ikaja Elixir, na humo mna mdalasini, kungumanga, iliki, lavanda na urukususu, ule mzizi mtamu. Ni kazi nzuri, hatuibezi. Ila mtu aliyependa ubaridi na pilipili ya ile ya 2015, akanunua Elixir akitegemea kitu kile kile kilichoongezwa nguvu, amejikuta na sinia la viungo vya pilau. Hajatapeliwa na mtu. Amesoma jina badala ya harufu.

Zipo koo za pafyumu, yaani jina moja na matoleo yake, zinazofuata mstari ulionyooka zaidi. Bleu de Chanel ilitungwa na Jacques Polge, ikatoka 2010 kama Eau de Toilette, na Eau de Parfum ikafuata 2014. Parfum ya 2018 ni ya mwanawe, Olivier Polge. Ukizinusa kwa mpangilio unasikia wazo moja likipunguza ndimu na kuongeza sandali hatua kwa hatua. Hapo muuzaji akisema "ni ile ile, ila nzito", hajakosea sana. Zipo pia zinazotegesha mtego kwenye jina lenyewe. Acqua di Giò ya Giorgio Armani ilianza 1996. Mwaka 2015 ikatoka Profumo, yenye ubani, iliyopendwa mno hadi iliposimamishwa. Mwaka 2023 ikaja Acqua di Giò Parfum. Profumo ni Kiitaliano, Parfum ni Kifaransa, maana ni moja, lakini kilichomo ndani si kimoja. Ukimwagiza mtu Dubai akuletee, andika jina herufi kwa herufi, ongeza mwaka, tuma na picha.

Na udi, je? Yves Saint Laurent walitoa M7 mwaka 2002, miongoni mwa pafyumu za mwanzo za kampuni kubwa za Ulaya kusimama juu ya udi, na siku hizi ni nadra kukuta ukoo wa pafyumu za wanaume usio na toleo lililoandikwa Oud. Matoleo haya ya udi ndiyo huwakatisha tamaa watu wa pwani kuliko yote, na sababu iko wazi: sisi udi tunaujua. Nguo imefukizwa chetezoni tangu tuko wadogo. Kilichomo kwenye chupa nyingi za namna hiyo si mafuta ya mti wa udi bali mchanganyiko wa kemikali unaoiga upande mmoja tu wa harufu yake, ule wa ngozi ya viatu na dawa ya kidonda. Mzungu asiyeujua udi anaridhika. Mtu wa Tanga anauliza udi uko wapi.

Kwa nini kampuni hazitulii? Kutambulisha jina jipya duniani ni gharama kubwa ya matangazo, na jina likikataliwa gharama yote imepotea. Jina lililokwisha kupendwa lina nafasi yake kwenye rafu na kichwani mwa mnunuzi. Kulizalia mdogo wake ni nafuu. Kampuni nyingi hazina mtunzi wao wa ndani. Hupeleka maelekezo kwa viwanda vya harufu kama Givaudan, Symrise au IFF, watunzi wakashindana kwa sampuli. Anayeandika toleo la tatu huenda hata si yule aliyeandika la kwanza. Na kwa vile mnunuzi wa dukani huamua kwa dakika moja, fomula hulazimika kushinda dakika hiyo: ndimu inayong'aa, ubaridi wa sabuni, kisha sukari. Sukari hiyo kwa kawaida ni ethili maltoli, inayonukia sukari inayoungua sufuriani. Ni ya bei ndogo, inapendwa kirahisi, na ndiyo inayofanya matoleo mengi ya Intense yafanane kama watoto wa mama mmoja hata yakitoka kampuni tofauti.

Haki itendeke pia: si kila kosa ni la toleo jipya. Hata chupa ya zamani hubadilishwa kimyakimya. IFRA, chombo cha kimataifa cha sekta ya harufu kilichoanzishwa 1973, huweka viwango vya viambato vinavyoweza kudhuru ngozi, na Umoja wa Ulaya una sheria zake. Kiambato kinachotolewa kwenye kuvumwani (kuvu na mwani vinavyoishi pamoja) inayoota kwenye magome ya mialoni, kilichokuwa uti wa mgongo wa pafyumu nyingi za wanaume, kimebanwa sana. Lilial, kemikali iliyotoa harufu ya maua meupe na sabuni safi, ilipigwa marufuku katika vipodozi vya Ulaya kuanzia tarehe 1 Machi 2022. Kwa hiyo anayelinganisha toleo jipya na chupa aliyokuwa nayo 2010 analinganisha na kitu ambacho huenda hakitengenezwi tena hata kwa jina lake la asili.

Sasa hali ya hewa, ambayo maelezo ya boksi hayaigusi. Tanga mwezi Februari, kaskazi ikivuma, mchana unapita nyuzijoto 30 na hewa ina unyevu kama umevuliwa baharini. Joto huharakisha kila kinachoruka. Ndimu ya juu iliyopaswa kukaa nusu saa inakwisha dakika kumi, na tabaka la katikati linakuja juu likiwa limechanganyikana na la chini. Vilivyo vitamu huvimba. Jasho nalo husukuma mafuta yatoke kwenye ngozi. Matokeo yake ni kwamba toleo lile lile lililosifiwa kuwa la kifahari kwenye majira ya baridi ya Paris linageuka halua kwenye foleni ya benki. Matoleo mengi ya Intense na Elixir ni makoti, na mkoa mzima wa Tanga una mahali pamoja pa kulivaa koti, nako ni Lushoto. Chupa hiyo hiyo ukiijaribu Julai, kusi inavuma na jioni imepoa, unaweza kuipenda kwa dhati, kisha ukaichukia Februari ukadhani imeharibika. Haijaharibika.

Lile lalamiko la tatu, la mtu asiyeisikia pafyumu yake huku inaumiza wenzake, lina maelezo yake. Pua huzoea. Harufu inayokuzunguka mfululizo ubongo huiweka pembeni ndani ya dakika chache, na ambroksani na miski zinaongoza kwa tabia hiyo. Miski nyingine baadhi ya watu hawazisikii kabisa tangu kuzaliwa. Matoleo mapya ya wanaume yamejaa vitu hivi viwili. Mvaaji anaona imekwisha, anaongeza mipulizo minne, na kwenye safu ya swala ya Ijumaa jirani yake anapumua kwa shida. Kabla ya kusema haikai, muulize mtu aliyeingia kutoka nje.

Kujaribu kwenyewe kunahitaji subira kuliko fedha. Usinuse kifuniko: kimebakiwa na mafuta mazito ya watu wote walioshika chupa, na hakina ile nusu saa ya mwanzo. Puliza kwenye karatasi mara moja kwa umbali wa sentimita 15, ipepee sekunde 20 alkoholi iondoke, ndipo unuse. Karatasi ni ya kuchuja tu, ya kujua kama uendelee. Ukiridhika, puliza mara moja upande wa ndani wa kifundo cha mkono, mahali pa saa, usisugue, na mkono wa pili puliza toleo la zamani unalolijua. Zisizidi mbili siku hiyo, tatu kwa shida. Ya nne pua inabahatisha. Pua ikichoka, si lazima utafute punje za kahawa, nusa mkono wa shati lako mwenyewe usio na pafyumu.

Kisha ondoka dukani. Hapa ndipo wauzaji wanapokasirika, lakini hakuna njia nyingine. Tembea juani mpaka sokoni Mgandini, rudi, nusa baada ya dakika 10, saa 1, saa 4 na saa 8. Utakachonusa saa ya nne ndicho unachonunua, kwa sababu ndicho utakachoishi nacho. Ikiwa saa ya nne mikono yote miwili inanukia sawa, toleo jipya halina sababu ya kukugharimu zaidi. Ikiwa mkono wa toleo jipya umebakiwa na sukari tupu au na kitu kinachochoma puani kama mbao iliyotoka kwenye msumeno, hiyo haitapona kwa kuizoea.

Njia bora zaidi ni kununua kichupa kidogo kilichomiminwa kutoka chupa kubwa, mililita 5 tu. Pampu ya kawaida hutoa karibu mililita 0.1 kila ukibonyeza, kwa hiyo kichupa hicho kina mipulizo 50 hivi, yaani siku 12 za mipulizo minne. Kwa hesabu hiyo hiyo chupa ya 100 ina mipulizo kama 1,000. Tuseme toleo la zamani ni shilingi 300,000 na jipya ni 450,000: mpulizo mmoja ni shilingi 300 dhidi ya 450. Jipya likikutosheleza kwa mipulizo miwili mahali ulipokuwa ukitumia minne, ni nafuu. Likihitaji minne ile ile, umelipia mkia wa jina.

Hakikisha pia unachokilaumu ni chenyewe. Toleo linapovuma, feki hutangulia kufika. Namba ya kundi la uzalishaji iliyochapwa chini ya boksi ilingane na ile ya chini ya chupa, zisipolingana, acha. Zikilingana bado si ushahidi kamili, kwani namba hunakiliwa. Tazama mrija wa ndani: wa asili kwa kawaida ni mwembamba, unakaribia kutoonekana ndani ya maji yake, haukunjamani chini kwa urefu uliozidi. Pampu ya asili hutoa ukungu laini. Feki nyingi hurusha matone. Harufu ya spiriti isiyoisha baada ya dakika moja ni ishara mbaya kuliko zote. Bidhaa bandia hushughulikiwa na Tume ya Ushindani, kwa hiyo risiti ina kazi, idai.

Na zile za kupima? Mafuta yanayouzwa kwa mililita au kwa tola (kipimo cha zamani cha uzito), yenye kibandiko cha jina la toleo jipya, ni uigaji wa kiwanda kingine, na jina kwenye kibandiko halithibitishi chochote. Mwambie muuzaji akupake la zamani na jipya, kila moja upande wake wa mkono. Zikiwa sawa, chukua la bei ndogo. Mafuta hayana alkoholi ya kuyainua, kwa hiyo hayafiki mbali lakini hukaa. Kwa joto la Tanga si hasara. Anayetaka kuyafanya ya kupuliza achanganye mililita 3 za mafuta na mililita 7 za alkoholi safi ya pafyumu kwenye kichupa cha 10, atikise, aweke gizani wiki mbili. Spiriti ya hospitali ya asilimia 70 haifai: asilimia 30 iliyobaki ni maji, mafuta hayayeyuki humo, mchanganyiko unakuwa mweupe kama tui. Spiriti ya kuwashia majiko ina methanoli, ni sumu, isiguse ngozi.

Kwa aliyekwisha kununua na kujuta, yapo ya kufanya. Ikiwa haikai, paka kwanza mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kiasi cha punje ya mchele, kisha puliza juu yake, kwa sababu ngozi kavu hunywa pafyumu. Ikiwa ni tamu kupita kiasi, ipeleke nyuma ya shingo na kifuani chini ya shati badala ya mikononi, mpulizo mmoja, na ivae usiku. Ikiwa ni ya Sport, nyepesi isiyo na kitu chini, gusa tone la mafuta ya sandali au halud (mafuta ya udi) kabla ya kuipuliza. Inapata sakafu ya kukalia. Usiipulize juu ya kanzu iliyofukizwa, udi utaimeza yote. Na matoleo yenye vanila nyingi yasiguse kanzu nyeupe kabisa, maana vanila hugeuka manjano halafu kahawia, na doa hilo huonekana baada ya wiki, likiwa limekwisha kushika.

Iweke kabatini ndani ya boksi lake, mbali na dirisha na mbali na bafu. Pafyumu iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari Tanga hii hugeuka harufu ya rangi ya kucha, na hapo tena usilaumu mtunzi. Na kama baada ya mipulizo kumi bado huipendi, usiendelee kuivaa kwa kuionea huruma. Imepungua mililita moja tu, boksi bado lipo, na toleo likiwa jipya mjini wanunuzi wake ni wengi. Miezi sita baadaye litakuwa limetoka jingine.